Mundu Mmoja Haupo Ubaoni

Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka msikitini alfajiri ile Shahida alipofungua lango la yadi ya farasi, akamsikia Marashi akipiga ardhi kwa kwato. Hakupiga kwa hasira. Alipiga mara mbili, akanyamaza, akapiga tena, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo.

"Leo!" Shahida alisema peke yake, akakunja khanga kiunoni akakimbia.

Yadi ile ilikuwa pembezoni mwa Jambiani, na farasi wake sita walibeba wageni ufukweni maji yakitoka. Wote sita walinunuliwa bara wakaletwa kwa meli. Hapajazaliwa hata mmoja pale. Kwa hiyo tangu tumbo la Marashi lianze kuonekana, mji mzima ulikuwa na mimba hiyo. Wanawake wanaokwenda kwenye mwani walipita kila asubuhi wakaulizia juu ya ua, "Kashajifungua mwari wenu?" na Shahida alijibu kila asubuhi, "Bado, ana maringo."

Yeye mwenyewe alitoka kwenye mwani. Aliingia yadi miaka minne iliyopita kushika ufagio, na hakuna aliyemfundisha habari za farasi. Alijifunza kwa kusimama kimya akitazama, kisha usiku akaandika alichokiona kwenye daftari la shule. Siku moja Bi Nassra, mwenye yadi, daktari wa mifugo aliyestaafu na anayekaa Malindi, Unguja mjini, alilisoma daftari lile kutoka mwanzo mpaka mwisho, akamkabidhi funguo zote.

Sasa Marashi alikuwa amesimama katikati ya chumba chake, shingo imelowa jasho, maziwa yakidondoka kwenye majani makavu aliyotandikiwa. Aligeuza kichwa akautazama ubavu wake, kana kwamba kuna mtu kamgusa.

Shahida akapiga simu.

"Naam, Shahida."

"Shikamoo Bi Nassra."

"Marahaba. Sema, sauti yako inakimbia."

"Maziwa yanadondoka. Jasho. Anajitazama ubavu, anapiga chini."

Simuni zikasikika funguo zikigongana, kisha mlango. "Nshatoka. Sikiliza, mwanangu. Usimhamishe. Ukimhamisha atajizuia, na mtoto atachokea ndani. Mwacheni palepale kwa utulivu. Ila uhakikishe mle chumbani hamna kitu cha kumuumiza, hata msumari. Maana atalala, atainuka, atajigaragaza, na mtoto akitoka ngozi yake ni laini kama tambi iliyochemka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nakuja. Moyo wangu hauko hapa hata kidogo!"

Mmanga naye akaingia, kijana mrefu wa Mkokotoni anayewaongoza wageni pwani, shati kalivaa nje ndani. "Nimeota anazaa mapacha," alisema. "Kashaanza? Kashaanza! Angalia jicho lake!"

"Punguza sauti, Mmanga. Kaa naye kichwani, msemeshe taratibu. Mimi nafuata ndoo na taulo."

Stoo ya zana ilikuwa na mlango wa komeo, na ukutani mwake mlikuwa na ubao mpana aliouchora Shahida kwa mkono wake. Miaka miwili nyuma mtu alisahau reki kwenye majani, farasi mmoja akaikanyaga, akakaa miezi mitano hatembei sawasawa. Shahida hakumuuliza mtu nani aliiacha. Alinunua kopo la rangi nyekundu, akaipanga kila zana yenye makali juu ya ubao, akaizungushia brashi, akaipigia msumari wake. Shoka, tupa, makasi ya singa, visu viwili vya kwato vilivyopinda ncha, uma wa majani, miundu mitatu. Kila jioni alisimama mbele ya ubao akaziita moja moja, na komeo halikufungwa mpaka zote ziwepo. Mmanga alimcheka sana. "Mwalimu kaingia darasani," angesema, akajibu kwa sauti nyembamba kwa niaba ya shoka, "Nipo mwalimu!" Lakini tangu siku hiyo hapana farasi aliyekatwa.

Shahida alinyoosha mkono kuchukua ndoo, jicho lake likapita ubaoni kwa mazoea, mkono ukaganda.

Miundu ilikuwa miwili. Umbo la tatu lilikuwa tupu, jekundu, limejikunja lenyewe.

Akakumbuka. Jana alasiri Mmanga alipiga ukelele, "Anazaa!" Yadi nzima ikakimbilia kwa Marashi, wapita njia wakaparamia ua, na Marashi akawatazama wote akatafuna majani yake kama kawaida. Walicheka mpaka magharibi. Katika miaka miwili jioni ya jana ndiyo pekee ambayo Shahida alifunga komeo bila kuita darasa.

Alirudi bila ndoo. Mlangoni alikutana na Ubwa, mkata majani, mzee mfupi mkavu aliyekuwa mkwezi wa minazi kabla goti halijamshusha. Alikuwa na umande mpaka magotini na tabasamu mpaka masikioni.

"Shikamoo Mzee Ubwa."

"Marahaba, marahaba! Nasikia mwari kaamka. Nimepita kwa binti yangu nikamwambia leo usipike mapema, leo tunakula kwa furaha."

"Mzee wangu, mundu wako uko wapi?"

"Si uko ubaoni kwako?"

"Haupo."

Mkono wa Ubwa ukaenda kiunoni, ukakuta mshipi mtupu. Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama mtu ambaye hajaambiwa aondoke.

"Jana uliukatia nini mara ya mwisho?" Shahida aliuliza polepole. Hakuwa akimtuhumu. Ndivyo alivyouliza kila kitu, hatua kwa hatua.

"Kamba za matita. Nilileta matita manane ya majani makavu. Nikayakata kamba, nikayatandaza."

"Wapi?"

Wote wawili waligeuka wakatazama chumba cha Marashi, majani yamejaa mpaka magotini mwa farasi, mapya, ya dhahabu, matita manane.

Marashi akakunja miguu ya mbele.

"Mzuie!" Shahida alisema, si kwa kelele lakini kwa namna ambayo Mmanga aliruka. "Mzuie asilale, mtembeze palepale. Kuna mundu ndani ya majani."

"Mundu wa nani?"

"Hauna mwenyewe saa hizi. Mtembeze!"

Mmanga akavuta kamba ya kichwa, akamsemesha Marashi maneno matamu ya kila aina, mengine yasiyofaa kusemwa mbele ya mzee. Marashi akasimama akihema. Shahida akaingia, akapiga magoti pembeni, Ubwa naye akapiga magoti kwa uzito upande wa pili.

"Tusitumie reki," Shahida alisema. "Tukileta chuma kingine ndani humu tutachanganyikiwa. Mikono mitupu, viganja vilale. Tuchukue mstari, tuumalize, ndiyo twende mwingine. Mchanga ukionekana, hapo pamekwisha."

"Kama mashamba yenu ya mwani."

"Kama mashamba yetu ya mwani."

Wakaanza ukutani. Walipapasa, wakainua majani konzi kwa konzi, wakayatupa nje juu ya kizingiti. Mstari wa kwanza, mchanga mtupu. Wa pili, kipande cha kamba, na moyo wa Shahida ukaruka bure. Kwato nne za Marashi zilipita karibu na vidole vyao, zikipanda na kushuka. Miezi kumi na moja alikuwa akiweka kiganja kwenye tumbo lile kila jioni, na miezi mitatu ya mwisho kitu kilikuwa kikimjibu kutoka ndani, teke dogo, palepale alipoweka mkono. Kama mundu ule ulikuwa chini ya majani, mama angeulalia au mtoto angeuangukia. Hakukuwa na njia ya tatu ila kuupata kwanza.

"Mzee Ubwa, unapumzika?" Mmanga aliuliza kwa juu.

"Nimekanyagwa kidole."

"Cha mkono au cha mguu?"

"Wewe shika farasi, mtoto wa Mkokotoni, usinihesabie vidole!"

Simu ikalia ndani ya khanga. Shahida akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ya Bi Nassra ikajaa chumba. "Niko Tunguu! Vipi?"

"Tunasafisha chumba. Mundu mmoja haupo ubaoni."

"Safisheni," Bi Nassra alisema, safari hii bila haraka. "Usiikate simu. Iweke mahali, niwasikie." Shahida akaiegesha dirishani.

Mstari wa tano. Wa sita. Jua lilipanda, mwanga ukapenya kwenye matundu ya kuta za mawe. Nje ya ua sauti za wanawake ziliongezeka. Waliokuwa wakienda pwani walikuwa wamesimama, na maji yalikuwa yakitoka yakiwaacha. Hakuna aliyejali.

Mstari wa tisa ulikuwa wa mwisho. Shahida na Ubwa walifika kwenye ukuta wa mbele wakiwa wamepakana mabega, wakainua konzi ya mwisho pamoja. Mchanga. Siafu mmoja. Basi.

"Hamna," alisema Ubwa.

"Hamna," alisema Shahida, na kicheko kikamtoka bila kukiita. "Chini hamna kitu! Mmanga, mlegeze, mlegeze!"

Mmanga alilegeza kamba. Marashi hakungoja ruhusa ya pili. Alikunja magoti akashuka kwenye mchanga kwa mguno mzito, akalala ubavu, miguu ameinyoosha mpaka kwato zikagusa nguzo ya kati iliyobeba paa. Pumzi moja, mbili, kisha maji yakamwagika kwa kishindo.

"Chupa imepasuka!" Mmanga alipiga kelele, akajiziba mdomo.

"Nimesikia mwenyewe!" simu ikasema. "Angalieni saa. Nusu saa, si zaidi. Haya mwanangu, sasa hatoki hapo. Msimguse mpaka nikwambieni."

Shahida alikuwa anacheka na macho yamemlowa. Lakini Ubwa hakucheka. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, midomo yake ikienda, akiirudia jana. Hapa nilisimama. Hapa niliweka tita. Hapa nikakata. Sasa nataka mikono miwili, nilitandaze. Na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, taratibu, juu ya kichwa chake, kama mkono wa mtu anayetundika kofia nyumbani kwake.

Akaufuata kwa macho.

"Shahida."

"Naam."

"Usishtuke. Tazama juu."

Paa la banda lilikuwa la makuti, limeshuka chini upande wa mlango. Juu ya Marashi makuti yalikuwa yamechanwachanwa, nyuzi zinaning'inia. Usiku kucha, katika maumivu yake ya mwanzo, alikuwa akinyoosha shingo akiyavuta kwa meno. Na katikati ya nyuzi hizo, umekamata ufito mmoja kwa ncha yake tu, ulining'inia mundu, mpini chini, makali yamenolewa juzi kwenye kinoo mpaka yakawa meupe. Ulikuwa sawasawa juu ya tumbo.

Marashi akajikaza. Kwato zake zikaisukuma nguzo. Nguzo ikatetemesha boriti, boriti ikatetemesha fito, na mundu ukayumba.

"Nyumbani kwetu kisu hakikai chini," Ubwa alinong'ona. "Kinachomekwa kwenye makuti, watoto wasikifikie. Tangu nina akili. Sikufikiri, wallahi. Mkono umefanya wenyewe."

"Najua," alisema Shahida. Alijua kweli. Mama yake aliweka kisu cha samaki palepale, juu ya mlango wa jiko, na yeye mwenyewe alikulia chini ya kisu kile asidhurike hata siku moja. "Kwetu pia ndivyo."

"Ila mbuzi wenu hawana shingo hii," alisema Mmanga, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa akitania. Akanyanyua mkono. "Mimi nnaufikia."

"Usiuguse!" Ubwa alisema, sauti imebadilika kabisa. Haikuwa tena sauti ya mzee aliyepoteza kitu. "Umeshikwa na ncha. Ukiugusa kwa chini unauchomoa, unaanguka. Huu unachukuliwa kwa juu."

"Kwa juu vipi? Mzee, goti lako..."

"Goti ni la kutembelea. Juu ni mikono." Na alikuwa keshatoka.

Shahida alimsikia akikumbatia nguzo ya pembeni, na wanawake nje wakipiga mayowe, "He! Mzee Ubwa! Kuna nazi huko?" Paa likalia. Vumbi likashuka. Mzee alikuwa akitambaa amelala kifudifudi, amejitandaza ili uzito wake usikae mahali pamoja, kila mkono ukitafuta pau kabla ya kuziachia uzito wa mwili.

"Mmanga, blangeti la tandiko, lile nene. Shika pembe mbili, nipe mbili."

Walilinyoosha juu ya farasi kama watu wanaoanua nguo mvua ikija, mikono juu. Chini yao Marashi alijikaza tena, na nyuma yake ukaonekana utando mweupe, na ndani ya utando ukwato mmoja mdogo.

"Mguu!" alisema Mmanga. "Bi Nassra, mguu!"

"Mmoja? Tazameni wa pili, ufuate nyuma kidogo! Niko Kitogani, kuna lori mbele yangu, namwombea dua dereva wake!"

"Wa pili huo!"

Nguzo ikatikisika. Mundu ukageuka kwenye ufito wake, ukashuka upana wa kidole.

"Mzee Ubwa!" Shahida aliita, akiweka sauti yake iwe laini ili farasi asishtuke. "Uko wapi?"

"Nipo juu yenu. Nyamazeni. Nafungua kamba."

Makuti yakaanza kusogea. Kwanza ikatokea nyota ya mwanga, kisha kiganja cha mwanga, kisha jua lote la asubuhi likaanguka ndani kama maji ya mtungi. Mkono mkavu mweusi ukashuka kupitia tundu, vidole vimefumbuliwa, ukapita kando ya makali bila kuyagusa, ukashuka zaidi, mpaka kwapa la mzee likaziba mwanga. Marashi akaguna, akasukuma. Ufito ukapiga kelele kavu. Ncha ikaachia.

Vidole vikafumba kwenye mpini.

"Nnao!" Ubwa alisema.

Mundu ukapanda ukapotea kwenye mwanga.

"Uweke vizuri huko!" Mmanga alipiga kelele.

"Upo mshipini, umelala! Unadhani nimeanza leo?"

Shahida alilitupa blangeti pembeni. Pua ilikuwa imelala juu ya miguu miwili. Marashi alijikaza mara moja ndefu, iliyotoka mbali, na mabega yakapita, na mara mtoto mzima akamiminika kwenye mchanga, mrefu, mweusi, akifuka mvuke.

"Allahu akbar!" Mmanga aliruka. "Katoka! Katoka mzima!" Nje vigelegele vikapaa. Bi Nassra alikuwa akiuliza kitu simuni na hakuna aliyemsikia.

Shahida aliona mgongo, mbavu, mkia mdogo uliolowa. Kichwa kilikuwa kimekunjika upande wa pili, nyuma ya paja la mama, kimegusa ukuta.

"Hapumui!" Sauti ilitoka juu. Uso wa Ubwa ulijaa kwenye tundu. "Shahida! Utando haujachanika! Umemfunika pua, namwona, umemvaa kama mfuko! Upande wa ukutani, upesi!"

Shahida alikwisha kuruka. Aliteleza, akaanguka kati ya ukuta na farasi, akakikuta kichwa.

"Nilete kisu?" Mmanga alibabaika.

"Kisu cha nini? Vidole!" Shahida alisema.

Alikamata utando juu ya pua kwa kucha za mikono miwili akauvuta. Uliteleza. Akaushika tena, akauvuta kwa nguvu zake zote, ukapasuka kwa sauti kama ya kitambaa, maji yakamwagika mapajani mwake. Akafuta pua kwa khanga. Hapana kitu. Akafuta tena, akasugua mbavu, huku na huku, akisema, "Njoo, njoo, njoo."

Mtoto alipiga chafya usoni mwake.

Kilio walichopiga wote watatu, wawili chini na mmoja juu ya paa, hakikuwa neno lolote.

"Nini?" simu ililia kutoka dirishani. "Jamani nini? Niambieni, nasimamisha gari njiani mie!"

"Kapiga chafya, Bi Nassra!" Shahida alisema. "Kapiga chafya!"

Wakamsikia yule daktari mzima, aliyezalisha ng'ombe nusu ya kisiwa, akilia kwa sauti pembeni mwa barabara.

Mmanga alichungulia akatangaza kwamba ni jike. Marashi aligeuza shingo, akamnusa mwanawe, akaanza kumlamba kuanzia masikio. Shahida na Mmanga walirudi nyuma mpaka mlangoni, wakakaa chini, migongo ukutani, kwa sababu Bi Nassra alimwandikisha daftarini kwamba hapo mtu hana kazi tena.

Ilichukua muda. Mtoto alinyoosha miguu ya mbele, akaitazama kama si yake. Akajaribu, akaanguka kwa pua. Akajaribu tena, miguu minne ikaenda njia nne. Wanawake walikuwa wamepanda ua, na kila akianguka walisema "Aa!" kwa pamoja, na kila akijiinua walinyamaza. Mara ya nne akasimama, akiyumba, magoti yakigongana, na yadi nzima ikashusha pumzi.

"Mzee Ubwa," Mmanga aliita, "shuka sasa. Nikuletee ngazi?"

"Niache."

"Jua litakukausha huko."

"Niache, nimesema. Bado hajanyonya."

Mtoto alipiga hatua. Akatafuta kwenye paja, akatafuta kwenye ukuta, akarudi. Kutoka juu, kwa sauti ya chini kabisa, Ubwa alikuwa akimwelekeza, "Kushoto, mwanangu. Hapo hapo. Shusha kichwa kidogo." Marashi akasogeza mguu wa nyuma kumpa nafasi. Kisha chumbani ukasikika mfyonzo wa kwanza, wa pili, na mkia mdogo ukaanza kucheza.

Shahida, bila kugeuka, aliinua mkono wake juu kuelekea paa, kama anayempa mzee mkono, na aliposikia mzee anacheka huko juu, akauacha palepale.